Sheria tunayo, shida ni nani anasimama nyuma ya daktari

Nimetoka shifti sasa hivi, nimeanza saa kumi na moja alfajiri na hii ni saa tisa mchana, miguu inawaka moto, ila kuna kitu kimenikaa rohoni tangu wiki iliyopita. Kwenye grupu letu la tuliosoma SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mwenzetu mmoja kaandika eti ustawi wa wanyama ni mambo ya wazungu walioshiba, sisi Tanzania tuhangaike na binadamu kwanza. Nilianza kumjibu pale pale nikaona ujumbe unakuwa gazeti, basi ngoja niuandike vizuri.

Mimi ni daktari wa mifugo, nimefanya kazi halmashauri miaka sita, mnadani na kwenye kizuizi cha barabarani, na sasa nina mwaka wa nne Uingereza, niko machinjioni kama daktari wa serikali. Kazi ni ileile kabisa. Unaangalia ng'ombe akishuka kwenye gari, anatembea vizuri au anachechemea, ana kidonda, ana kiu, halafu unasimamia namna anavyouawa ili asife kwa mateso.

Kwanza tuelewane kuhusu sheria. Uingereza sheria yao ya ustawi wa wanyama ni ya 2006, ya kwetu ni Sheria Namba 19 ya 2008. Miaka miwili tu. Na ya kwetu nimeisoma mwanzo mwisho, inasema wazi kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia, hakuna aliyetulazimisha kuandika hivyo. Kwa hiyo mtu akiniambia wenzetu wana sheria sisi hatuna, namwambia hapana ndugu yangu, sheria tunayo.

Ngoja nieleze siku moja ya nyumbani. Lori la Fuso linatoka Shinyanga linaenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 1,000, kibali kinasema ng'ombe 20, nikapanda kuchungulia nikahesabu 29. Mmoja alikuwa amelala chini, wenzake wamesimama juu yake, pembe imeng'oka damu imegandia usoni, mguu wa nyuma umevunjika, na kila gari lilipotikisika alikuwa anatoa sauti ambayo mpaka leo naisikia. Nikamwambia dereva shusha. Dereva wala hakubishana, alitoa simu akapiga akanipa, "Daktari, ongea na mzee." Huyo mzee akaniuliza kama nataka watu wa Dar wakose kitoweo kwa sababu ya ng'ombe mmoja ambaye anaenda kuchinjwa tu.

Nikasaini. Nakiri hilo na linaniuma, maana nilijua sheria iko upande wangu ila sikuwa na mtu hata mmoja upande wangu. Na hata ningekataa, wale ng'ombe ningewashushia wapi? Pale kizuizini hapakuwa na zizi, hapakuwa na maji, hapakuwa hata na ngazi ya kuteremshia, wangeruka kutoka juu ya gari wavunjike wengine. Hii ndo sehemu watu hawaioni kabisa. Wanafikiri daktari akiwa na msimamo inatosha, lakini msimamo bila zizi ni maneno.

Sasa huku. Wiki ya pili kazini, asubuhi na mapema, linaingia dume kubwa jeusi. Huku ng'ombe anapigwa kwanza na kitu kama bastola, haitoi risasi, inatoa chuma kinachogonga paji la uso na kurudi ndani, anapoteza fahamu papo hapo, ndipo ananing'inizwa na kukatwa. Yule dume alipigwa, akadondoka, akanyanyuliwa kwa mnyororo, mimi nikamsogelea kama ilivyo kawaida. Nikagusa jicho. Likapepesa. Nikatazama mbavu, anavuta pumzi kwa mpangilio, moja, mbili, tatu. Yaani huyu yupo, anasikia kila kitu. Nikapaza sauti simamisha, na laini nzima ikasimama, akapigwa mara ya pili nikagusa tena jicho, kimya.

Kazi ililala kama dakika ishirini hivi na kila dakika ni hela ya mwenye machinjio. Meneja akaja. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, moyo unadunda, nasubiri nipewe simu niongee na mzee. Akaniuliza tu umeona nini daktari. Tukaenda kuangalia kamera pamoja, maana machinjio yote England kisheria tangu 2018 lazima yawe na kamera kila walipo wanyama hai na picha zikae siku 90, na pale ikaonekana wazi kijana kapiga pembeni kidogo. Akatolewa kwenye nafasi ile akafundishwe upya, mimi nikaandika ripoti, basi. Siku ile nilikaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikawa namkumbuka yule ng'ombe wa kwenye Fuso.

Msinielewe vibaya, huku si peponi. Nguruwe walio wengi England wanashushwa kwenye gesi ya kaboni dioksaidi, na kabla hawajapoteza fahamu kuna sekunde kadhaa wanahangaika, wanapiga kelele, wanatafuta hewa, na ni halali kabisa, mimi mwenye koti jeupe nasimama pale sina la kufanya kwa sababu sheria inaruhusu. Hilo siwezi kulizoea na sitaki kulizoea.

Na hiyo hoja ya "mambo ya wazungu" ndo inanikera kuliko zote. Babu yangu Usukumani alikuwa na maksai wa kulimia, kila mmoja na jina lake, na jua likipanda anawafungua hata kama shamba halijaisha, ukimchapa maksai aliyechoka utachapwa wewe. Wachinjaji wa Kiislamu niliofanya nao kazi nyumbani, wale wanaoijua dini yao vizuri, kisu kinanolewa mbali, mnyama hakioni, na hachinjwi mbele ya mwenzake. Hayo hakuna aliyeyaleta kwa meli. Halafu hata tukiweka huruma pembeni tukaongelea hela tu, ng'ombe aliyesafiri kwa shida anamaliza nguvu yote ya kwenye misuli, nyama inatoka nyeusi na kavu na inaharibika haraka, na sehemu zilizovilia damu zinakatwa zinatupwa. Mnunuzi analipia hasara ile bila kujua.

Ninachokitaka mimi si kikubwa, jamani. Kila mnada uwe na ngazi ya kupakilia hata ya udongo na mawe, vizuizi viwe na zizi na maji, na daktari akikataa kibali pasiwe na mkubwa yeyote wa kumpigia simu, mwenye malalamiko aandike barua kwa jina lake na sahihi yake.

Mwaka jana nilirudi likizo nikapita mnadani kwetu. Ng'ombe bado wanapandishwa kwa kupindwa mikia. Nikamkuta binti mmoja, daktari mpya, gambuti zimejaa matope, ana daftari kaandika idadi ya ng'ombe wa kila gari na namba ya gari, kwa mkono, kurasa na kurasa. Nikamuuliza ukikataza gari ukapigiwa simu, wewe unampigia nani? Akacheka kidogo akasema, "Shikamoo kaka, hilo swali ungeniuliza kabla sijaripoti kazini." Nikampa namba yangu. Ananitumia picha za zile kurasa kila Jumamosi baada ya mnada, na mimi nazitunza zote.