Nyumba bila shamba Malindi: ununue, upange, au ungoje ploti yenye hati?

Ukiwa na laki nane hapa Malindi washauri hawakosi. Mmoja atakwambia nunua nyumba bila shamba kule Barani au Kisumu Ndogo, vyumba sita, kimoja ukae, vitano upangishe. Mwingine atakwambia usithubutu, hiyo pesa peleka Msabaha au Mambrui ushike ploti ya futi hamsini kwa mia yenye hati, ata kama ni vichaka vitupu. Wote wawili wana haki kiasi, ndo mana huu mjadala hauishi barazani.

Kwa alietoka bara na hajui: nyumba bila shamba manake kuta, paa na milango ni mali yako, lakini ardhi ni ya mtu mwingine na unamlipa kodi ya shamba. Si ujanja wa madalali wa juzi. Mwaka 1908 Waingereza walitunga sheria ya hati kwa ule mkanda wa pwani wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, kila mwenye madai ya ardhi alete madai yake. Walioleta wakapewa hati, ambao hawakuleta, wengi wao Wamijikenda, ardhi ikahesabiwa ya serikali. Mji nao ukazidi kukua juu ya mashamba ya watu, mwenye minazi yake akawaruhusu watu wajenge bora walipe kodi, na mpaka leo mahakama zetu zinaujua mtindo huo, kwamba huku kwetu nyumba yaweza kuwa ya huyu na ardhi ya yule.

Sasa tupige hesabu, manake hapa ndo upande wa kununua una nguvu. Tuseme nyumba ni laki nane, vyumba sita, kila kimoja 3,000 kwa mwezi. Hiyo ni 18,000 kwa mwezi, 216,000 kwa mwaka, na chumba unachokaa wewe nakihesabu pia kwa sababu umeacha kulipa kodi kwengine. Toa miezi ya chumba kukaa bure, toa paa, toa choo kujaa, toa kodi ya shamba, tuseme umebaki na 150,000. Pesa yako imerudi kwa miaka mitano na kidogo. Nitajie ploti ya vichaka itakayokurudishia pesa kwa miaka mitano na wewe huna hela ya kujenga, na huku bado unalipa kodi ya chumba kila tarehe tano.

Lakini sikiza upande wa pili. Kama huna mkataba wa muda na mwenye shamba, mnakwenda tu mwezi kwa mwezi, basi kwa sheria ya ardhi ya 2012 upangaji wa namna hiyo waweza kukatishwa kwa notisi isiyopungua kipindi kile cha kulipa. Yaani mwezi mmoja! Laki nane imekalia notisi ya mwezi mmoja. Kweli wenye mashamba wengi hawana tabia hiyo, wazee wameishi na wapangaji wao miaka hamsini hakuna aliefukuza mtu, ila mzee akifa warithi wako kumi na mbili, watatu wako Mombasa, wawili wako Uarabuni, hakuna anaekujua, na akija tajiri na bei nzuri watauza shamba na nyinyi mkiwa juu yake. Benki nayo haitakukopesha kwa nyumba isiyo na hati. Na ukitaka kubomoa ukuta wa udongo uweke mawe, au uongeze ghorofa, lazima umuombe ruhusa mwenye shamba, na wengi hukataa kabisa manake wanajua jengo la kudumu ni vigumu kumuondoa mtu.

Halafu kuna hii stori ya miaka 12 ambayo wallahi imewaponza watu. Utaambiwa ukikaa miaka 12 ardhi ni yako. Sheria hiyo ipo, lakini ni ya mtu aliekaa kwenye ardhi ya mwenzake bila ruhusa, waziwazi, na mwenyewe asimtoe. Wewe unaelipa kodi ya shamba umekaa kwa ruhusa, na ile risiti unayoitunza chini ya godoro ndo ushahidi kwamba unakubali ardhi si yako. Wengine wanangojea serikali inunue shamba iwagawie kama ilivofanya kwa shamba la Waitiki kule Likoni mwaka 2016, sawa, ila huwezi kununua nyumba leo kwa kutegemea hivo.

Upande wa ploti pia usipambwe sana. Ukiambiwa ina hati uliza hati gani, manake mara nyingi ni hati mama, yaani hati moja ya shamba zima la ekari kadhaa ambalo halijakatwa, ina majina ya ndugu wanne, mmoja ameshafariki na mirathi haijafunguliwa mahakama ya kadhi wala kwengine, na unaeuziwa kipande unaonyeshwa vijiti tu vya mwenye kuuza. Fanya sachi kwenye ofisi ya ardhi, yaani uangalie ardhi imeandikwa kwa jina la nani, nenda na sarveya wako mwenyewe akuonyeshe bikoni, zile alama za mipaka. Kama ni ardhi ya kilimo lazima kibali cha bodi ya ardhi, bila hicho mauzo ni batili. Kama muuzaji ana mke au mume na ni mali ya ndoa, mwenzake naye akubali. Ushuru wa stempu, ule wa serikali wa kuhamisha ardhi, ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, kwa laki nane ni 32,000 au 16,000, na wakili hujamlipa. Kwa hivo laki nane si ploti ya laki nane.

Mimi nasemaje? Nyumba bila shamba ni kodi uliyolipa mbele kwa pamoja, usiihesabu kama urithi wa watoto. Ikirudisha pesa ndani ya miaka mitano au sita, nunua, na zile kodi za vyumba zikusanye upate ploti yenye hati baadae. Ikiwa itachukua miaka kumi, achana nayo, endelea kupanga chumba chako. Na kama nyumba ni ya fito na udongo, kabla ya bei nenda pale chini ukutani karibu na choo, kwaruza kwa ufunguo, ukiona vumbi la mchwa linamwagika ujue utajenga upya, na kujenga upya ni ruhusa ya mwenye shamba tena.

Kuna na hii ya lipa mdogo mdogo, unakaa huku unalipia, mwisho ununue. Si mbaya, shirika la nyumba la taifa limeuza nyumba namna hiyo miaka mingi. Lakini kwa mtu binafsi, hakikisha imeandikwa, kila mmoja ametia sahihi na sahihi imeshuhudiwa, manake makubaliano ya kuuziana ardhi kwa mdomo huwezi kuyashtakia. Na iandikwe ukikwama miezi mitatu zile ulizolipa zinaenda wapi, hapo ndo watu hulia.

Kwa anaenunua bila shamba, usimlipe muuzaji kabla hujaonana na mwenye shamba au karani wake. Tazama kitabu cha risiti, kodi imelipwa mpaka mwezi gani, malimbikizo ni ya nani, na kubadilisha jina ni pesa ngapi, kwa kawaida mwenye shamba hutaka chake. Kisha muombe mkataba wa miaka, ukizidi miwili usajiliwe, na uwe na kipengele kimoja tu ambacho usikubali kitolewe: akitaka kuuza shamba, wewe ulie juu yake ndo wa kwanza kuambiwa bei.