Ati Barua Yangu Ni Spamu

Hebu niambieni. Mtu wa Kondele amelipia intaneti, anatuma CV Nairobi, dakika mbili barua pepe imemrudia: ati anwani yake ya IP, ile namba inayomtambulisha mtandaoni, iko kwenye orodha nyeusi ya watuma spamu. CV! Yenye jina la shule na wadhamini watatu!

Kumbe mhalifu ni kompyuta ya saiba pale chini. Windows ya magendo, virusi tele, usiku kucha inauzia watu wa Brazil dawa ya nguvu za kiume. Na kampuni ya intaneti imebana, nyumba mia, pamoja na hiyo saiba, zinatumia anwani moja. Ni ile ploti ya mita moja: mmoja akichomeka koili ya maji ya kuoga, stima inapotea kwa wote.

Na dawa ipo, tena ya bei rahisi! Poti ni kama mlango wenye namba wa kupitishia data, na poti 25 ni ya seva, zile kompyuta za kusafirisha barua, kuongea na seva. Mama mboga ana shughuli gani huko? Barua yake ipite poti 587 au 465, aulizwe nywila. Basi kampuni ifunge 25 inayotoka kwa wateja wa nyumbani. Mwenye seva halali aombe afunguliwe. Virusi vingi hugonga 25 moja kwa moja, kwa hiyo vitagonga ukuta hadi vichoke.

Vikiiba nywila vipite hizo nyingine je? Hapo weka kikomo cha barua. Mteja wa barua kumi kwa siku, leo elfu mbili kwa saa, huyo ni mfanyabiashara wa lini? Msimamishe, lakini mpigie simu umwambie. Ukimfungia kimyakimya atazima na kuwasha ruta mpaka swichi ing'oke.

Na wale wa anwani moja, kampuni iweke kumbukumbu ya nani alipewa poti gani, saa ngapi, hadi sekunde. Bila hiyo, lalamiko likija inabidi ploti nzima ihojiwe.

Sasa hilo lalamiko lenyewe. RFC 2142, waraka wa kanuni za intaneti wa 1997, ilishataja sanduku la barua la abuse@ kwa kazi hiyo hiyo. Haya, unaandika kwa adabu, unaambatisha ile spamu pamoja na vichwa vyake vyote, yaani maelezo ya ilikotoka na ilikopitia, kama ushahidi. Inarudi. Wameweka kichujio kwenye sanduku la malalamiko, na kichujio kimesoma ushahidi wako kikasema hii ni spamu.