Amani ya Lomé na maneno yaliyoongezwa kwa kalamu

Tarehe 7 Julai 1999, mjini Lomé, serikali ya Sierra Leone na waasi wa RUF walitia saini mkataba wa amani. Foday Sankoh, ambaye wapiganaji wake walikuwa wakikata raia mikono, alipata msamaha, hadhi ya makamu wa rais na uenyekiti wa tume ya madini. Mwakilishi wa Umoja wa Mataifa, Francis Okelo, naye alisaini, ila akaongeza kwa mkono wake kwamba Umoja huo hautambui msamaha kwa mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Mvutano huo kati ya kusamehe na kushtaki upo hadi leo katika kazi za misaada. Mpatanishi anamtaka kamanda mezani; kama ndiye mwenye barabara ya kupitishia chakula, atamwita mheshimiwa. Mtetezi wa haki za binadamu yuko kijiji kilekile, anaandika majina ya waliouawa na kamanda huyohuyo. Kila mmoja humwona mwenzake anamharibia kazi. (Kiswahili chetu nacho kinachangia: haki ni stahili ya mtu, haki ni hukumu pia, basi anayedai ya kwanza hudhaniwa anataka jela tu.)

Hoja ya wapatanishi si nyepesi. Msumbiji ilisamehe wote mwaka 1992, hakuna aliyeshtakiwa, na vita vilikoma kwa takriban miaka 20. Uganda, mazungumzo ya Juba yalivunjika 2008 Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, alipokataa kusaini huku hati ya kumkamata ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ikimsubiri.

Lakini msamaha wa Lomé ulinunua nini? Mei 2000 RUF waliteka mamia ya walinda amani. Mahakama maalumu ya Sierra Leone ya kushtaki uhalifu wa vita ilipoundwa 2002, msamaha ule haukuizuia.

Kwangu mimi, siku ya kushtaki inaweza kusogezwa. Kazi ya kuandika yaliyotokea haisubiri. Mkataba wa amani wa Kolombia wa 2016, kati ya serikali na waasi wa FARC, ulikubali adhabu nafuu kwa anayekiri ukweli: miaka 5 hadi 8 ya kubanwa uhuru, nje ya gereza la kawaida. Ukweli huo unahitaji kitu cha kuupimia. Mwaka 2021 mahakama iliyoundwa na mkataba huo ilitaja watu wasiopungua 6,402 waliouawa na wanajeshi kati ya 2002 na 2008, kisha wakatangazwa kuwa waasi waliofia vitani. Akina mama wa baadhi yao walikuwa wakilisema hilo tangu 2008, miaka minane kabla ya mkataba.