Bwawa linavuja? Ndiyo, na liache livuje

Masika yakikaribia tu, klipu za aina ileile zinarudi kwenye magrupu. Handaki jembamba la zege, taa za njano, maji yanachuruzika ukutani na kukimbia kwenye mfereji kandokando ya buti za mtu. Juu yake sauti ya mwingine aliyekaa sebuleni kwake: "Jamani bwawa linavuja, ndugu zetu wa bondeni hameni!" Hakuna anayeuliza ni bwawa gani, la nchi gani. Kesho yake inatoka taarifa ya kawaida: bwawa liko imara, wananchi puuzeni upotoshaji. Kila upande unajihesabu umeshinda.

Pande zote mbili zinaudhi, ila tuanze na klipu. Handaki lile limo ndani ya ukuta wa bwawa wenyewe, na maji yale yamealikwa. Matundu yanayoyatoa yalitobolewa kwa makusudi na kwa fedha nyingi, na siku yatakapokauka bila sababu ndiyo siku ya kuhangaika.

Ukuta wa zege kama ule wa Bwawa la Nyerere pale Rufiji, kimo mita 131, urefu mita 1,025, hauna ujanja wowote. Hauna upinde wa kuegemea milima miwili, wala hausimami kwa nondo kama ghorofa. Umekaa pale kwa uzito wake, kama mlinzi mnene aliyeweka kiti katikati ya mlango. Lugha yetu nayo inachangia mkanganyo: "bwawa" ni maji, "bwawa" ni ukuta, kwa hiyo mtu akisikia "bwawa limejaa" anaona ukuta umefura.

Chukua ukuta wa mfano: kimo mita 100, kitako mita 80, umbo la pembetatu. Ukate kipande cha upana wa mita 1. Kina mita za ujazo 4,000 za zege, na kwa tani 2.4 kila moja, uzito ni tani 9,600. Maji yanakisukuma kwa tani 5,000. Ziwa liwe limerudi nyuma kilomita 1 au 100, ni tani zilezile, maana kinachosukuma ni kina. Mwacheni yule anayezidisha mabilioni ya lita. Mpaka hapo ukuta unatamba. Lakini mwamba wa chini una nyufa, na maji yanapenya humo yakiwa na shinikizo lote la mita 100, likipungua taratibu hadi sifuri upande wa pili. Maji hayo yanaunyanyua ukuta kwa tani 4,000. Uzito uliobaki ni tani 5,600. Msuguano ukiwa 0.75, ukuta unaweza kuzuia tani 4,200, na anayesukuma ana 5,000. Ukuta umeondoka. (Gundi ya zege na mwamba sijaihesabu. Ipo, lakini mhandisi anayeitegemea hiyo peke yake asijenge juu ya kijiji cha mtu.)

Sasa toboa mstari wa matundu mita 8 kutoka uso unaotazama ziwa. Shinikizo kwenye mstari ule lishuke hadi theluthi. Kinachonyanyua kinakuwa tani 1,700 na ushee, na uwezo wa kuzuia unapanda hadi karibu tani 5,900. Ukuta ni uleule, ziwa ni lilelile. Kilichoongezeka ni matundu ya kipenyo cha sentimita 7 au 8, kila baada ya mita 3 hivi, na maji yanayochuruzika ambayo watu wanayapigia mayowe.

Mbele ya matundu hayo, upande wa ziwa, kuna pazia la uji wa saruji uliosukumwa kwa pampu ndani ya nyufa za mwamba. Pazia linapunguza maji, matundu yanatoa yaliyopenya. Ukiniambia nichague moja, nachagua matundu.

Yanaharibika vipi? Kwa chokaa. Maji yakipita kwenye zege na saruji yanabeba chokaa, yakifika kwenye hewa ya handakini yanaiacha, ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika linalochemshia maji ya kisima. Mwaka huu tundu linatoa lita 10 kwa dakika, miaka mitatu baadaye lita 2, na meneja asiyejua anaandika kwenye ripoti kwamba uvujaji umedhibitiwa. Hongera sana. Maji hayajaenda popote, yamebaki chini ya ukuta yakiunyanyua. Dawa ni kuyazibua matundu kwa mpira wa maji yenye presha kubwa, au kuyatoboa upya, na kusoma pizomita (kipimo cha shinikizo la maji chini ya ukuta) kabla na baada ya kazi.

Kupima hakuhitaji setilaiti. Kila tundu: ndoo ya lita 10 na saa. Mfereji mzima: bamba la chuma lenye pengo la herufi V na rula pembeni. Pengo la nyuzi 90, maji yakisimama sentimita 5, zinapita lita 0.8 hivi kwa sekunde. Yakifika sentimita 10, ni lita 4.4. Rula imeonyesha mara mbili, maji yameongezeka zaidi ya mara tano, na hapo ndipo msomaji mvivu anapopotea. Namba hiyo haina maana bila kina cha ziwa cha siku hiyohiyo. Ziwa likipanda, uvujaji ukipanda nao, sawa. Ziwa limetulia na uvujaji unapanda, mwite mhandisi. Maji yametoka na tope, mwite usiku huohuo, maana tope ni kitu kinacholiwa chini ya ukuta.

St. Francis, California, ulikuwa ukuta wa zege wa kutegemea uzito. Asubuhi ya tarehe 12 Machi 1928 mlinzi wa bwawa aliona uvujaji mpya, akaona kama una tope. Mhandisi mkuu, William Mulholland, akaja, akakagua, akasema ni salama. Kabla ya saa sita usiku ukuta ulikuwa umekwenda, na watu zaidi ya 400 wakafa. Matundu ya kupunguza shinikizo yalikuwa chini ya sehemu ya kati peke yake. Kesho yake asubuhi kipande cha kati ndicho kilichokuwa kimesimama. Milima ya pembeni nayo ilikuwa mibovu, sikatai, lakini picha ile inatosha.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wenye hofu wana sababu. Solai, Nakuru, Kenya, Mei 2018, bwawa lilipasuka, watu walikufa usiku majumbani mwao, na lile lilikuwa tuta la udongo. Kwenye tuta la udongo, maji ya tope yakichomoza upande wa chini hakuna mjadala, kimbia. Mtu wa bondeni atatofautishaje zege na udongo kama hakuna aliyewahi kumweleza?

Ndiyo maana ile taarifa ya "puuzeni" inaudhi kuliko klipu. Haina namba hata moja. Mtu ameona maji kwa macho yake, unamwambia hajaona. Namba zinasomwa na zimeandikwa kwenye daftari la handakini, zinazeeka mle na unyevu wake. Zitoeni kila Jumatatu: tarehe, kina cha ziwa, sentimita kwenye pengo, maji maangavu au ya tope. Zinaenea kwenye ubao mmoja pale ofisi ya kijiji, kwa chaki.