Asali inayotibu kisukari

Kwenye meza moja ya Soko la Majengo hapa Dodoma, chupa ya asali imebandikwa karatasi ya kalamu nene: "Asali halisi ya Itigi. Inatibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume." Nguvu za kiume nazo siku hizi ni ugonjwa! Ila mimi nilikwama kwenye kisukari. Asali, hata iwe safi namna gani, takriban asilimia 80 yake ni sukari.

Nilipomuuliza, muuzaji hakukasirika. "Mama, nikiandika asali tu, watu wanapita. Jirani hapo kaandika magonjwa kumi."

Ana hoja. Asali hutuliza kikohozi kweli. Pakanga, mmea uliotumiwa na Wachina kwa karne nyingi, ndiyo iliyotoa artemisinini, kiini cha dawa mseto ya malaria. Sheria ya mwaka 2002 inaitambua tiba asili na ina Baraza lake. Ukimtaka kila muuza mlonge alete vipimo vya maabara ndipo afungue mdomo, sokoni watabaki wenye mtaji tu.

Lakini tazama magonjwa yanayotajwa. Presha na kisukari mwanzoni haviumi. Mtu akinywa chupa mbili akajisikia vizuri, anatoa ushuhuda na vidonge vya hospitali anavitupa kabatini, huku sukari inapanda kimyakimya. Ushuhuda huo hauhitaji hata spika: mwaka 2011 watu walifurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti ya mchungaji mstaafu aliyeitwa Babu, kwa shilingi 500, na habari zilienda kwa mdomo kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo maana sioni marufuku ya jumla ya madai kama haya ikifua dafu.

Kinachoniudhi zaidi ni neno "imesajiliwa". Namba ya usajili wa mganga inasomwa redioni kana kwamba ndiyo uthibitisho kwamba dawa inaponya. Kumsajili mtu ni jambo moja, kupima kama dawa haina sumu ni la pili, na kama inatibu ni la tatu. Tangazo huyakoroga yote kwenye chungu kimoja, na redio inayolipwa kulirusha haiulizi kitu. Ningeanza kuibana redio hiyo kabla ya mwenye meza.

Huyu wa mezani angeandika ametoa asali wapi, imerinwa lini, haijachanganywa na sukari guru. Hayo anayajua na anaweza kuyatetea. Akitaka kutaja ugonjwa, alete ushahidi. Na kuna jambo moja ambalo sijaliona kwenye chupa yoyote pale: mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali, maana inaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliviwezi.

Nilinunua chupa moja, nikamwomba aibandue ile karatasi. Aliibandua taratibu isichanike, akaibandika kwenye chupa ya nyuma yake.