Sofa au meza? Mvutano wa nafasi katika maktaba za vyuo vikuu

Maktaba ya chuo kikuu ikifanyiwa ukarabati siku hizi, ramani mpya huwa inafanana na ya chuo kingine chochote. Rafu zinapungua, na mahali pake panakuja meza za vikundi, kona ya kahawa, viti vya kujiegemeza, wakati mwingine hata chumba cha kujipumzisha. Wanafunzi wengi hulipokea jambo hili kwa furaha. Wahadhiri, hasa wa historia, fasihi na sheria, hulalamika kwamba maktaba inageuzwa sebule. Hoja za pande zote mbili ni nzito kuliko zinavyosemwa, ila naona wote wanachanganya mambo mawili ambayo hayafanani hata kidogo.

Mabadiliko haya hayakuanza jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya vyuo vya Marekani vilianza kuweka kompyuta, wakutubi na sehemu za kufanyia kazi kwa pamoja chini ya paa moja. Chuo Kikuu cha Iowa kilifungua eneo la aina hiyo mwaka 1992. Majarida yalipohamia kwenye intaneti, wengi walidhani majengo ya maktaba yatabaki matupu. Kumbe wanafunzi waliendelea kuja, tena wakati wa mitihani hadi siti zinakosekana. Walichokuja kutafuta ni mahali: meza, mwanga, soketi, na watu wengine wanaosoma, maana kumwona mwenzako ameinamia daftari hukufanya na wewe uone aibu kuondoka.

Swali likawa: nafasi ya kuwaweka itatoka wapi? Jibu rahisi lilikuwa kuhamisha vitabu. Watetezi wa hatua hiyo wana ushahidi wa zamani mkononi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh uliochapishwa mwaka 1979 ulionyesha kwamba takriban asilimia 40 ya vitabu vilivyonunuliwa mwaka 1969 havikuwa vimeazimwa hata mara moja katika miaka sita ya kwanza. Kama kitabu hakiguswi, kwa nini kikae katikati ya jengo huku mwanafunzi amekaa sakafuni? Chuo Kikuu cha Chicago kilijibu swali hilo mwaka 2011 kwa kujenga maktaba ya Mansueto: chini ya ardhi kuna ghala lenye uwezo wa kubeba vitabu milioni 3.5, mashine huvichukua na kuvipandisha juu, na juu yake kuna ukumbi wa kusomea wenye kuba la kioo. Miaka miwili baadaye Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina kilifungua maktaba ya Hunt kwa mtindo huohuo wa roboti, na nafasi iliyookolewa wakapewa wasomaji.

Mimi sioni ubaya wa ghala. Ila wapinzani wanasema jambo moja la kweli kabisa: mashine hukuletea kitabu ulichokiomba, haikuletei kile kilichokuwa jirani yake. Aliyewahi kufanya utafiti anajua jinsi mtu anavyoifuata namba ya kitabu kimoja, akafika kwenye rafu, halafu kilichomfaa kikawa cha tatu kushoto, ambacho hakuwahi kukisikia. Na hesabu ya kuazima haielezi kila kitu. Kuna kitabu kinachosomewa palepale kwenye rafu, kurasa nne tu, kikarudishwa. Tena miaka sita kwa kitabu cha lugha ya kale ni kama jana.

Lakini lalamiko kubwa zaidi ni kelele, na hapa sayansi iko upande wa walalamikaji. Kinachomvuruga msomaji si sauti kwa jumla. Feni inayozunguka au mvua ya nje mtu huizoea. Kinachoingia kichwani kwa nguvu ni maneno, hasa yanayosikika vizuri kiasi cha kueleweka, kwa sababu ubongo huyashughulikia hata ukijitahidi kuyapuuza. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba kusikia upande mmoja tu wa mazungumzo, kama vile mtu anayeongea na simu, huvuruga umakini zaidi ya kusikia watu wawili wakijibizana, kwani msikilizaji hujikuta anakisia upande asiousikia. Kwa hiyo yule anayetoka nje ya chumba na simu yake, akasimama mlangoni na kusema kwa sauti ya chini, "Eeh... hapana... sasa yeye akasemaje?", anawasumbua walio ndani kuliko kikundi kizima kinachofanya diskasheni ghorofa ya chini.

Basi mtu angetegemea niishie hapo na kusema sofa ziondoke. Siwezi, kwa sababu upande wa pili nao una ushahidi, na una watu.

Kwanza watu. Mwanafunzi anayeishi mbali na chuo, mwenye kipindi asubuhi na kingine jioni, hana bweni la kurudi katikati ya siku. Kwake maktaba ndiyo mahali pekee pa kukaa bila kulazimika kununua kitu. Kumwambia kwamba maktaba ni ya kusoma tu ni kumwambia asome saa sita mfululizo au aondoke, na hakuna anayesoma hivyo. Wanaotetea ukimya mtupu mara nyingi ni watu wenye ofisi zao, ambamo wanaweza kufunga mlango na kunyoosha miguu.

Kisha ushahidi. Mwaka 2012 jarida moja la saikolojia lilichapisha jaribio lililofanywa na watafiti wa Edinburgh kwa wazee wenye afya njema. Kila mshiriki alisikilizishwa hadithi fupi mbili. Baada ya moja alikaa dakika 10 katika chumba chenye giza hafifu bila kufanya chochote. Baada ya nyingine alipewa mchezo wa kutafuta tofauti kati ya picha. Siku saba baadaye, hadithi iliyofuatwa na mapumziko ilikumbukwa vizuri zaidi. Majaribio yaliyofuata kwa vijana hayajatoa jibu moja, kwa hiyo nisingejenga sera nzima juu yake. Kuhusu usingizi, utafiti wa shirika la NASA kwa marubani wa safari ndefu, uliochapishwa mwaka 1994, uliwapa nafasi ya kupumzika dakika 40 wakiwa zamu. Walilala wastani wa dakika 26, na baadaye walikuwa macho zaidi ya wenzao ambao hawakupumzika. Chuo Kikuu cha Michigan kiliweka vitanda vidogo katika maktaba yake ya wanafunzi wa shahada ya kwanza mwaka 2014, mtu akipewa nusu saa tu, wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kulala.

Hapo ndipo mchanganyiko ninaousema unapojitokeza. Tazama mapumziko ya Edinburgh yalivyokuwa: mwanga mdogo, hakuna simu, hakuna mazungumzo.  Sasa tazama kinachoitwa sehemu ya kupumzikia katika maktaba nyingi: sofa kumi karibu na ngazi kuu, mashine ya kahawa inayonguruma, kioo cha televisheni, na watu watano wakibishana juu ya kazi ya kikundi. Hiyo ni sehemu ya maongezi. Maongezi ni kitu chema, na diskasheni nzuri hufundisha kuliko mihadhara mingi, ila hayampumzishi aliyekesha, na wala hayamfai anayesoma. Aliyechoka kweli utamkuta amelaza kichwa mezani katika chumba cha ukimya, kaziba masikio kwa vidole au kavaa vipokea sauti bila muziki. Amechagua huko kwa sababu kupumzika na kusoma ni majirani wazuri. Vyote vinataka utulivu. Anayegombana na wote wawili ni mwenye kuongea.

Kwa hiyo mstari wa kuchora ni kati ya kimya na sauti. Kituo cha Saltire, jengo la maktaba la Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian huko Uskoti, kilichofunguliwa mwaka 2006, kilifanya hivyo kwa ghorofa: chini ni pa kuongea, na kadiri unavyopanda ndivyo ukimya unavyozidi. Kituo cha Rolex, chenye maktaba ya chuo cha EPFL huko Lausanne, Uswisi, kilichofunguliwa mwaka 2010, kilijaribu njia nyingine, sakafu moja kubwa inayopanda na kushuka kama vilima, karibu bila kuta. Ni jengo la kupendeza macho, lakini kwa hoja hii ningechagua la Glasgow. Kutegemea mteremko kuzuia sauti ni kuwategemea watu wote wawe na adabu kwa wakati mmoja.

Hata ghorofa hazisaidii kama ngazi iko wazi katikati ya jengo. Sauti hupanda kupitia uwazi huo, ikagonga dari la zege na kioo, ikarudi kwenye meza za juu. Zulia, mapazia na dari linalofyonza sauti hufanya kazi kubwa kuliko mabango yote ya "Tafadhali kaa kimya".

Kasoro moja inazikumba sehemu zote, za kimya na za sauti: begi lililoachwa kwenye kiti tangu asubuhi na mwenyewe hayupo. Zipo maktaba zinazoweka kadi ya saa mezani, na nusu saa ikipita mtu mwingine anaruhusiwa kuketi. Ni utaratibu mdogo, hauhitaji ukarabati wowote, na huenda ukarudisha siti nyingi kuliko mradi mpya.

Ninachohofia ni kwamba sofa hupendeza kwenye picha za kutangaza chuo, na ukimya haupigiki picha. Bajeti ikiwa ndogo, kinachoonekana ndicho kitakachonunuliwa. Maongezi yana pa kwenda: mkahawa, bustani, darasa lililo wazi jioni. Mwanafunzi anayelala chumba kimoja na wenzake wanne hana pengine pa kupata saa tatu za kimya. Ndiyo maana uongozi unapopanga kuondoa meza ili kuweka sofa, ningetaka kwanza wakutubi wapite wiki ya mitihani, asubuhi, mchana na usiku, wahesabu ni sehemu gani inajaa mapema na ni ipi inabaki na viti. Chumba cha ukimya kikijaa kabla ya sehemu nyingine, hakiguswi. Kinachopunguzwa ni sehemu ya maongezi, na pembeni ya chumba hicho ndipo viti vya kulala viwekwe, taa zikiwa hafifu na simu zikiwa zimezimwa.