Mia nne za Yamane na kahawa ya Kibosho

Fungua tasnifu ya uzamili iliyofanyiwa Moshi au Arusha kwa madodoso, ruka utangulizi, nenda Sura ya Tatu, ile ya mbinu za utafiti. Kuna uwezekano mkubwa utamkuta mtakwimu Taro Yamane. Fomula yake ya kukokotoa ni watu wangapi wa kuuliza ni nyepesi: idadi ya watu, igawanye kwa moja jumlisha idadi hiyohiyo mara mraba wa kosa unalolivumilia. Kosa huwekwa asilimia 5, jibu linatoka, msimamizi anatia tiki, mwanafunzi anaenda uwandani.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 221,733 Manispaa ya Moshi na 617,631 Jiji la Arusha. Yapitishe kwenye fomula: Moshi inatoa 399, Arusha 400. Jiji linaloizidi manispaa karibu mara tatu linadai mtu mmoja zaidi! Hesabu haijakosewa. Mji ukishakuwa mkubwa, kinachopunguza kosa ni idadi ya uliowauliza, si idadi ya wanaoishi humo. Hata kata yenye kaya 2,000 tu itakudai 333.

Wanaoitetea mia nne wana hoja nzito. Ukitaka kujua ni wakulima wangapi wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wameng'oa kahawa wakapanda kitu kingine, huwezi kujibu kwa kupiga soga na wazee kumi na wawili kilabuni kwenye mbege. Watu 100 waliochaguliwa kwa nasibu wanakupa asilimia inayoweza kuyumba kwa takriban pointi 10 juu au chini. Watu 400, pointi 5. Kuishusha hadi 2.5 wanatakiwa 1,600. Yaani kila ukitaka kupunguza kosa kwa nusu, kazi inakua mara nne, na nauli pamoja na posho za wadodosaji zinafuata. Kusimama kwenye mia nne si uvivu.

Ila hesabu yote hiyo inasimama juu ya sharti moja ambalo Sura ya Tatu hulitaja na uwandani hulisahau: kila mtu achaguliwe kwa nasibu, peke yake. Mwanafunzi mwenye bajeti ya mwanafunzi hafanyi hivyo. Anachagua vijiji vinne vinavyofikika kwa daladala, anauliza watu mia kila kimoja. Majirani hufanana: mwinuko uleule, mfereji uleule, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ileile, bei ileile ya kahawa. Tuseme wanafanana kidogo tu, kwa kipimo ambacho watakwimu wangekiandika 0.05, pale ambapo 0 ni kutofanana kabisa na 1 ni kufanana kwa kila kitu. Mia nne zake zinabaki na uzito wa watu 67 hivi waliochaguliwa kwa nasibu, mmoja mmoja. Angewatawanya kumikumi katika vijiji 40, uzito ungekuwa wa watu 276. Idadi ya madodoso ni ileile.

Kisha kuna orodha yenyewe ya kuchagulia majina. Daftari la wanachama wa AMCOS linavutia kwa sababu lipo tayari na katibu ni mtu wa kuzungumzika. Lakini mwanachama anaweza kuwa alishafariki na kihamba, yaani shamba la ukoo, kiko mikononi mwa mjane, jina likabaki la marehemu. Aliyeacha kahawa kabisa, ambaye ndiye unayemtafuta, huenda hayumo. Wamarekani walilipa ada ya somo hili mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilipokea kura za maoni zaidi ya milioni mbili, nyingi kutoka kwa watu waliopatikana kwenye orodha za wenye simu na magari, likatabiri kwamba Landon atashinda urais. Mpinzani wake, Roosevelt, alichukua majimbo 46 kati ya 48. Kwa hiyo anayesambaza dodoso lake kwenye magrupu ya WhatsApp na kujisifu kwa majibu elfu, mimi hanishtui.

Upande wa pili ni wale wanaosema tuachane na madodoso, tukae na watu tuwasikilize. Nao wana ushahidi wao. Mwaka 2006 mtafiti Guest na wenzake walichambua mahojiano 60 na wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona kwamba mada karibu zote zilikuwa zimeshajitokeza kwenye 12 ya mwanzo. Tatizo ni jinsi kumi na mbili hiyo ilivyogeuzwa nayo kuwa fomula. Wanawake wale walifanana kwa mengi na waliulizwa maswali yaleyale. Ukichanganya mkulima, mnunuzi, bwana shamba na kijana aliyekimbilia Arusha kuendesha bodaboda, kumi na mbili ni watatu watatu tu.

Hata hivyo, hapa ndipo naegemea. Nenda soko la Kilombero umuulize muuza ndizi, "Mama, kwa mwezi unapata shilingi ngapi?" Atakutajia namba ili uondoke. Biashara yake haiendi kwa mwezi. Inaenda kwa mkungu na kwa marejesho ya kikoba. Muulize leo kanunua mikungu mingapi, kwa bei gani, jana ilibaki mingapi, utapata hesabu inayoeleweka. Huwezi kulijua hilo kabla hujakaa naye, na dodoso lenye swali bovu likiulizwa mara 400 linakupa ubovu uleule mara 400. Simu zenye KoboToolbox, programu ya kujazia madodoso, zinaweza kurekodi saa na mahali mdodosaji alipokuwa, jambo jema kwa kumnasa anayejaza fomu akiwa mgahawani, lakini swali hazilirekebishi.

Kwa hiyo ningeanza na mazungumzo na watu kama kumi na watano wa aina tofauti, niandike dodoso upya, ndipo niwaulize watu 200 katika vijiji 20. Orodha ningeitengeneza na mwenyekiti wa kitongoji, kaya kwa kaya, na ningeandika nyumba ngapi zilikataa. Nauli itauma, maana vijiji vya mlimani haviko njia moja. Na siku ya kutetea tasnifu, mjumbe wa paneli atauliza mbona ni 200 badala ya 400. Atajibiwa kwamba kwa kufanana kulekule kwa majirani, 200 wa vijiji 20 wana uzito wa watu 138, na wale 400 wa vijiji vinne wana uzito wa 67.